Kioo cha Nyuma cha Pijo

Mountain View, 14 Julai

Kwako Baba,

Hujambo? Mama hajambo? Mguu wako unasemaje na baridi hiyo ya Kinangop? Mimi sijambo, ila silali vizuri. Nimempa Everlyn, jirani yangu anayesafiri huko kila mara, barua hii akuletee, kwa sababu kwenye simu unasikia nusu na nusu nyingine unajitungia.

Tangu uliponipa gari lako la Pijo sijaacha kukushukuru. Lakini mvua ikinyesha, kioo cha nyuma kinajaa ukungu kabla sijatoka mjini. Kingekuwa kioo tu ningevumilia. Baba, kuna gari linalonifuata. Linatoka nami mjini jioni, taa moja nyeupe na nyingine ya manjano, mpaka karibu na geti letu, kisha linageuza. Naona mng'ao tu. Hata rangi yake siijui. Kioo cha pembeni nacho kinatikisika mpaka taa mbili zinakuwa nne. Nikisimama kupangusa ukungu, nalo linasimama mbali.

Nataka kuweka difrosta, zile nyaya za kupasha kioo joto ukungu ukauke. Dalmas, fundi wa magari wa mtaa wa Satellite, anasema inawezekana. Niambie ndiyo.

Mwanao,
Kui


Kinangop, 19 Julai

Kwako Kui, mama yangu (jina ni la mama yangu, na ukali pia ni wake),

Sisi ni wazima. Mguu unauma kama kawaida yake. Mama amekutumia viazi, na anauliza kama siku hizi unakula.

Difrosta, hapana. Pijo hilo ni la mwaka wa sabini na nane, na kioo chake cha kiwandani hakina hata ufa. Ukilibandika nyaya litakuwa kama mbuzi aliyevaa miwani. Kata kiazi kibichi, usugue kioo cha mbele, ukungu hautashika. Sisi tuliendesha hivyo. Cha nyuma kiache; dereva huangalia anakokwenda.

Na hilo gari usiliogope. Barabara ya Waiyaki Way ni ya watu wote, na wengi wanarudi nyumbani saa hizo hizo. Hakuna anayekufuata kwa ubaya. Omba, kisha ulale.

Baba yako


Mountain View, 31 Julai

Baba mpendwa,

Natumaini mguu umetulia na Mama yu mzima. Viazi vilifika. Vingine nimekula, kimoja nilisugulia kioo cha nyuma. Kiliacha utando kama uji, nikawa naona vibaya kuliko mwanzo.

Unasema hakuna anayenifuata, nawe umekaa Kinangop. Wiki hii nilipitia Spring Valley makusudi, mahali ambapo sina shughuli yoyote. Zile taa mbili zikapita nami kila kona. Ofisini naanza sentensi nashindwa kuimaliza. Namfikiria mtu nisiyemwona, na kila siku ninampa uso mbaya zaidi.

Nisamehe, nimekukaidi. Leo Dalmas amefunga difrosta. Alisafisha kioo kwa spiriti, akabandika nyaya moja moja kwa ndani, akavuta waya mpaka kwenye betri, na swichi akaiweka chini ya dashibodi.

"Dada, gari ya umri wa dani yangu, na unaivalisha blanketi ya stima!" alicheka (dani kwao ni nyanya). "Lakini uipatie muda. Haifanyi uchawi."

Kuna jambo lingine. Nimeongea na watu wa bodaboda wa steji yetu. Mkubwa wao, Ryan, ameniambia, "Madam, wewe fika hapa upige honi moja refu. Huyo wa nyuma hataenda mahali." Wana rungu, na mawe yako pale pale kando ya barabara. Najua wakishaanza hawaulizi maswali. Nimelifikiria hilo pia, Baba, na nimechoka kuogopa.

Kesho jioni akinifuata, nitapiga honi.

Mwanao,
Kui


1 Agosti, ujumbe wa simu

Kui USIPIGE HONI. Everlyn amefikisha barua sasa hivi. Nakupigia hushiki. Huyo ni Norman, rafiki yangu wa teksi, wa Satellite. Mimi ndiye niliyemwomba akusindikize mpaka getini. Nilijua ukimwona utamfukuza, wewe hutaki kulindwa. Ndiyo maana nikakataa difrosta. Simu yake imezimwa. Nijibu. Baba

1 Agosti, ujumbe wa simu

Kui. Jibu, mama yangu. Baba


Mountain View, 3 Agosti

Kwako Baba,

Nakusalimu wewe na Mama. Juzi kwenye simu wewe ulilia, mimi nikalia, na sidhani ulisikia neno zaidi ya "mzima". Sasa nakueleza yote.

Simu yangu ilikuwa kwenye mkoba, kiti cha nyuma. Mvua ilikuwa kubwa. Kwa woga nilisahau swichi mpaka Kangemi. Nilipoiwasha, taa zangu za mbele zilififia, na kwenye kioo hakuna kilichobadilika. Niliona steji. Ryan alikuwa amesimama pembeni, mkono mmoja ndani ya koti la mvua. Nikaweka kiganja juu ya honi.

Ndipo ukungu ukaanza kukauka, mstari mmoja, halafu wa chini yake. Katika mwanya mwembamba kama utepe, taa za duka zilipomulika gari la nyuma, nikaona kofia. Ile kofia ya sufu ya kijani ambayo Mama alimfumia Mzee Norman, yenye masikio.

Niliondoa mkono. Lakini nilikuwa nimepunguza mwendo, na kwa Ryan hiyo ilitosha. Walishaingia barabarani. Jiwe la kwanza lilivunja taa ya manjano. Nilisimamisha gari, nikashuka, nikakimbia nikajibandika kwenye mlango wa Norman, nikipiga kelele, "Ni babangu! Ni babangu!" Neno lingine halikunijia.

Walisimama. Ryan alinitazama kwa hasira, kama niliyemwalika karamu nikamnyima chakula. "Madam, si wewe ndiye ulituita?"

Norman alishusha dirisha. Akasema, "Kui, umekonda. Siku hizi unakula?"

Nilimleta nyumbani nikampikia viazi vya Mama. Hakuweza kushika kikombe, nikamshikia. Hakunilaumu, na ningetamani angenilaumu.

Zile taa siziogopi tena. Naogopa kiganja hiki ninachoandikia. Kinakumbuka ile honi ilivyokuwa baridi.

Difrosta siiondoi, Baba. Kesho jioni Norman atatangulia, nami nitamfuata mpaka mlangoni kwake, kwa sababu amebaki na taa moja.

Mwanao,
Kui