Likizo ya Amongin Tororo

Jumapili, 8 Agosti 1965
Binti yangu Amongin amefika na mama yangu kwa treni kutoka Soroti. Shule zimefungwa. Mama ameletwa hospitali, kifua kinambana. Mwalimu amewaagiza watoto: likizo yote semeni Kiingereza na watu wa nyumbani, la sivyo mtihani wa mwisho wa mwaka utawashinda. Watu wa nyumbani! Mimi niliishia darasa la nne. Nilichonacho ni Kiswahili cha jeshi, na vumbi la saruji puani. Nimemwambia Amongin: ukifeli, ni jembe, halafu ndoa.

Jumanne, 10 Agosti
Nimechonga kibao kama cha shuleni kwao. Anayesema Kiteso, lugha yetu, humu ndani, isipokuwa mama, anavishwa shingoni mpaka mwingine akosee. Anayelala nacho anaosha masufuria. Jioni jirani Wandera alikuja na mkewe Nasirumbi kutusaidia. Wandera alikuwa mpishi wa Mzungu, kwa hiyo Kiingereza chake ni cha jikoni — mayai, chumvi, toka nje! Nasirumbi akasema: shemeji, sasa umekuwa DC, bado kofia tu. Tulicheka mpaka mama naye akacheka, bila kuelewa kitu.

Ijumaa, 13 Agosti
Mimi navaa kibao karibu kila jioni. Amongin, hata mara moja! Mama alimwuliza maziwa yako wapi, mtoto akaonyesha kwa kidole. Nilijivuna.

Jumatatu, 16 Agosti
Daktari amesema hakuna dawa tena, kaeni naye. Nimeelewa. Treni ya kurudi Soroti hataiweza. Nimemlaza karibu na mlango apate hewa.

Anamwita Amongin amfundishe majina ya wazee wetu, nani alimzaa nani, na kila mmoja amelala wapi. Kwetu jina halikai kichwani mpaka ulirudie kwa sauti, mbele ya aliyekupa. Mimi nilikimbilia jeshini kabla ya zamu yangu. Mama anataja, ananyamaza, anangoja. Mtoto anaitikia kwa kichwa tu.

Mama ameniuliza: huyu nimemkosea nini?

Jumatano, 18 Agosti
Nasirumbi amenikaripia bombani, watu wote wakisikia. Shemeji, mtihani unaweza kurudiwa. Mama yako utamrudia wapi?

Nimemwambia Amongin, sema na bibi yako. Akaanza kulia. Baba, nikizoea Kiteso nitafeli, na wewe umesema ni jembe.

Nimekitia kibao motoni, yeye akiangalia.

Alhamisi, 19 Agosti
Niliomba ruhusa kiwandani, msimamizi akakataa. Nimebeba mifuko ya saruji mpaka saa tisa. Nimerudi mbio. Bado yupo, ila sauti imebaki nusu. Nasirumbi amemwegemeza kifuani, anamnywesha uji kwa kijiko, mwingi unamwagika.

Amongin amepiga magoti kando yake. Sasa anasema, hanyamazi! Emuron, mtoto wa Ecweru. Ecweru, mtoto wa Ilukor. Mama akasema ndiyo, kwa macho tu.

Ilukor, mtoto wa — hapo mama alisinzia. Amongin amenigeukia: baba, Ilukor alizaliwa na nani?

Sijui. Kweli sijui, na Tororo hii yote hakuna wa kumwuliza.

Ameinama tena sikioni mwa mama, anauliza polepole, kwa Kiteso: bibi, halafu nani?