Roboti Amerudi Bila Maelezo

Kaka yangu mpendwa,

Sisi wazima, ila bibi amenuna tangu jana. Ile filamu ya roboti iliyowaliza wewe na yeye imetoka sehemu ya pili, nikampeleka. Balaa tupu! Magari yanaruka, miji inalipuka, hadithi hamna. Na yule roboti aliyeyeyuka katika ile ya kwanza tukimwona kwa macho yetu, eti anaingia tu mlangoni, mzima, rangi mpya, bila neno la maelezo.

Bibi akapayuka hadi ukumbi mzima ukacheka: "Nirudishieni machozi yangu!"

Leo asubuhi, akikunja nguo, akaniambia taratibu: "Mwandikie kaka yako. Naye aingie tu mlangoni, hivyo hivyo. Hakuna atakayemuuliza alikuwa wapi."

Ni mimi dada yako,
Chiriku