Maelezo Kuhusu Mwanambuzi wa Rangi ya Uji

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bonde la Mierebi, Nchi ya Wanavajo, Arizona
Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Jina: Lorinda Bitsilly. Umri: miaka 18. Kazi: nimemaliza shule mwezi wa Mei, nachunga mbuzi wa bibi yangu. Makazi: Kisima Chekundu. Ukoo: kwa mama ni Mbuzi Wengi, kwa baba ni Maji Machungu.

Nimeomba kuandika mwenyewe kwa mkono, kwa sababu nikiongea mbele ya watu sauti hunikauka. Sajini Etcitty amekubali. Naye ni wa Maji Machungu, kwa hiyo ni baba yangu mdogo, na ameniambia nisiogope.

Naishi na Bibi Nanabah, mama wa mama yangu. Ana miaka 81. Tangu mwaka juzi macho yake yana ukungu, anaona mwanga na kivuli tu. Kila asubuhi nikifungua zizi nasimama naye langoni, namtajia mbuzi kwa rangi kadiri wanavyotoka: mweusi mwenye masikio meupe, wa kahawia mwenye mkanda tumboni, mwekundu mwenye madoa kama matone ya maziwa. Nikimruka mmoja anajua, sijui kwa vipi.

Nyumbani kila mtu ana rangi yake. Mama mdogo Marlene anapenda weupe, na Bibi humwambia kwamba mbuzi mweupe akiingia kwenye theluji hata mwenyewe hujisahau. Rangi ya Bibi ni ile ya kijivu cha bluu, ya uji wa mahindi ya bluu uliotiwa majivu ya mti wa mreteni, yenye mistari miwili myeupe kutoka pembe hadi pua. Mbuzi wa kwanza wa rangi hiyo alipewa na mama yake akiwa na miaka mitano, na wote waliofuata walitokana na yule. Mwaka huu alikuwa amebaki mmoja tu, beberu.

Mabeberu wote wa Kisima Chekundu huchungwa na jirani yetu, Mzee Harrison Tohannie, mpaka Novemba, ili watoto wasizaliwe wakati wa baridi. Kila beberu hufungwa turubai tumboni asipande majike. Mwezi wa Agosti radi ilimpiga beberu wetu. Kwa mila yetu, kilichopigwa na radi hatukigusi, kwa hiyo hatukuletewa hata pembe. Mzee Harrison alipokuja kusema, Bibi alimkaribisha kahawa.

Mnamo Jumamosi, tarehe 18 Oktoba, kama saa nne asubuhi, tulikwenda kwa Mzee Harrison kumsalimu. Alikuwa amekwenda kuchota maji. Binti yake Verna alikuwa ndani. Tulimsubiri mzee karibu na zizi. Mbuzi wake walikuwa wanatoka, nami kwa mazoea nikaanza kumtajia Bibi. Nilitaja wanne au watano. Halafu nikanyamaza.

Bibi akauliza, "Mbona umemeza ulimi?"

Nikamwambia kuna mtoto, hajafikisha wiki mbili, ana rangi ya uji.

"Mistari?"

"Ipo, Bibi. Miwili."

Akaingia zizini kwa kupapasa. Nilimsikia akimwita kwa mdomo kama anavyowaita wetu, na mtoto akaja. Nilimwambia si wetu. Akasema baba yake ni wetu. Alimfunika kwa shali akaenda moja kwa moja kwenye gari. Mimi ndiye niliyeendesha.

Verna alitoka akatukimbilia. Alisema, "Bibi, mrudishe. Huo ni wizi."

Bibi akamjibu, "Mjukuu wangu, ningekuwa mwizi ningechukua aliyenona."

Verna hakucheka. Ndipo alipopiga simu kwenu.

Nyumbani mtoto alikataa chupa. Bibi alikaa naye mapajani mchana kutwa, akipitisha kidole kwenye ile mistari, juu na chini. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa ya mkwaruzo. Kabla jua halijazama Bibi akasema, "Washa gari. Huyu hanitaki mimi, anamtaka mama yake." Tulimrudisha sisi wenyewe, kabla askari hajafika.

Mzee Harrison alikuwa zizini. Mtoto alipokimbilia chini ya mama yake, mzee alivua kofia. Alisema mwezi wa Mei turubai la beberu wetu lilichanika, akalishona, akanyamaza kwa aibu. Mtoto alipozaliwa, mzee hakujua aanzie wapi kutuambia. Akamwambia Bibi kwamba mtoto akiacha kunyonya atakuwa wake Bibi.

Sajini ameniuliza kama bibi yangu alijua kwamba mbuzi si wake. Alijua. Mimi pia nilijua, wala sikumzuia. Lakini naomba iandikwe kwamba Bibi hakuona mbuzi yeyote siku ile. Ningeweza kusema ni wa kahawia akaniamini, tukarudi nyumbani. Sijawahi kumdanganya rangi, na sitaanza. Kama jalada linahitaji jina la aliyemwona yule mtoto na kumtamani, liwe langu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, nami nayakiri kuwa kweli.

Sahihi: L. Bitsilly

Maelezo ya askari: Shahidi amesomewa maandishi yake naye akayathibitisha. Nilipotoka kumwita bibi yake ahojiwe, nilimkuta ndani ya gari la mlalamikaji, Verna Tohannie, wakinywa kahawa ya chupa moja. Mlalamikaji alikuwa akimweleza rangi za mbuzi wa baba yake, naye bibi akimsahihisha. Nimewaacha wamalize. Malalamiko yameondolewa kwa mdomo, maandishi yatafuata.

Sajini D. Etcitty