Masale ya Mstari wa Njano

Alhamisi, 5 Juni

Baridi. Mlima haujaonekana tangu juzi. Kaka Elinami anafanya mazoezi ya gitaa chumbani, bendi ina shoo keshokutwa, na jirani kagonga ukuta kwa mwiko. "Tekla! Mwambie mumeo apunguze hiyo radi!" Wifi akamjibu dirishani: "Wenzako wanalipa kiingilio, wewe unasikia bure!"

Nakaa nao hapa Kaloleni tangu nimalize chuo, na bado simwelewi huyu mwanamke. Mjini wanamwita mke wa mwanarock, basi. Hawajui kwamba Elinami anabeba gitaa, yeye anabeba wajane. Wanateremka kutoka mlimani, wanakaa kwenye benchi letu, naye anawasindikiza ofisini hadi wasikilizwe.

Leo kaja mama mdogo Violet. Mjane wa kwetu kabisa! Anayemfukuza shambani ni baba mkubwa Naftali, kaka wa marehemu mumewe. Tekla kaolewa katika ukoo huo huo. Ataweza?

Jumamosi, 7 Juni

Shoo. Ngoma zinanitetemesha mbavu, sijui kama ndiyo raha. Katikati Tekla akapanda jukwaani na koti lake la mvua. Akasema kuna shamba moja huko Akheri, mpaka wake uling'olewa wiki ileile ya mazishi. Hakutaja jina. Waliotoka kwetu walitazamana.

Huwa mpole nyumbani, hata chumvi anaomba taratibu. Ile sauti huwa anaiweka wapi?

Jumapili, 8 Juni

Habari zilifika kijijini kabla yetu. Baada ya ibada baba mkubwa akamsimamisha Tekla nje ya kanisa, mbele ya watu wote. Eti mwanamke wa kelele, wa kuja, ambaye hata mtoto hajaleta — leo ndiye wa kuwafundisha mipaka?

Tekla: "Shikamoo, baba."

Basi. Kaka alitaka kurudi akagombane naye, Tekla akamshika mkono.

Jumanne, 10 Juni

Tumepanda mlimani kwa mama mdogo. Migomba, kahawa, matope. Pale penye mpaka udongo umesawazishwa, na mahindi yamepandwa juu.

Mpaka wa kwetu ni masale, ile mimea ya majani marefu, kila mtoto anajua. Ila baba mdogo, mume wa Violet, Mungu amrehemu, hakutaka masale ya kijani kama ya watu wote. Alinunua yake kwa wauza maua wa barabarani, yenye mstari wa njano katikati ya jani. Kijiji kilimcheka — mpaka wa bibi harusi! Hakuna mwingine mwenye masale kama yale. Sasa halijabaki hata moja.

Baba mkubwa anasema hapajawahi kuwa na mpaka. Ndugu yake alikuwa akilima kwa hisani tu. Na majirani? "Sikumbuki, mwanangu." Nilimuuliza Mzee Sumari: hata ule wa bibi harusi? Akaanza kucheka. Kisha akafunga mdomo, akatazama ng'ombe wake.

Wanakumbuka! Wanamwogopa tu.

Baraza la kata linakaa Jumatatu ijayo. Tekla ndiye atakayesimama na Violet. Bila ushahidi, ni neno la mjane dhidi ya neno la mzee wa kanisa.

Jumamosi, 14 Juni

Mama kapiga simu. Kesho baba mkubwa anakuja kumwomba Tekla radhi kwa lile tusi. Anakuja na isale.

Tekla akakaa chini. Kwao Machame ni kama kwetu: ukiletewa jani la isale lililofungwa fundo, hukatai. Ukikataa, lolote litakalokupata watu watasema umelitaka. Ukipokea, umesamehe. Na ukishamsamehe mtu Jumapili, unasimamaje kumshtaki Jumatatu?

"Pokea tu, mke wangu, tulale," kaka akasema.

"Sisi tutalala. Violet atalala wapi?"

Nikauliza: mbona isale haliendi kwa Violet, aliyeng'olewa mpaka?

"Kwa sababu Violet haogopwi, wifi."

Kumbe Tekla anaogopwa! Sikuwahi kumfikiria hivyo.

Jumapili, 15 Juni

Naandika jikoni, nimesimama. Chai iko motoni, wageni wako sebuleni.

Wamekuja watatu: baba mkubwa, Mama, na Mzee Sumari kama shahidi. Sala ndefu. Kaka kabaki chumbani, anapiga gitaa taratibu. Kisha baba mkubwa akatoa jani ndani ya koti, fundo limekazwa vizuri, jani bado lina umande.

Mstari wa njano katikati.

Nilidhani macho yananidanganya. Baba mkubwa hakuliangalia hata kidogo — nadhani alichuma alfajiri, lililokuwa karibu na mkono. Masale hayafi. Uyang'oe, uyatupe nyuma ya zizi, yatachipua hapo hapo.

Tekla akalipokea kwa mikono miwili. "Nimepokea, baba. Lile tusi limekwisha." Mama akaanza kulia kwa furaha. Baba mkubwa akasema Amina, akaongeza kwamba sasa na yale ya kesho yameisha, sisi ni ndugu.

Tekla akalisogeza jani dirishani, penye mwanga. Akaligeuza. Akaligeuza tena. Kwa sauti ile ya kuomba chumvi:

"Ni zuri sana, baba. Umelichuma wapi?"

Gitaa la chumbani likanyamaza.

Nikakimbilia huku, eti chai. Mlango nimeuacha wazi. Mzee Sumari anasema, "Hebu nilione." Naona anatafuta miwani yake mfukoni.

Chai inafurika, siitoi. Baba mkubwa anaangalia mlango. Sasa nasikia kicheko, kidogo, cha kizee — Mzee Sumari — kile kile cha Jumanne, cha mpaka wa bibi harusi. Nasubiri nione kama atafunga mdomo