Jumamosi Unapakwa Rangi Ukuta Wangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mwanangu analeta ndoo mbili za rangi nyeupe apake ukuta wa karakana yangu, na akishaupaka mimi nimekwisha.

Mimi ni seremala, nina miaka sabini na moja, sikurithi hata msumari, na kwenye ukuta huo naandika kwa chaki vipimo vya kila mlango, mshale maana yake bawaba zikae kushoto, duara maana yake mbao bado mbichi, na mwaka huu nimetoa milango arobaini na sita na haukurudishwa hata mmoja. Sasa mwezi uliopita mwanangu kanipeleka kwa daktari, nikaambiwa nishike maneno matano, nikakumbuka mawili, na tangu hapo anataka funguo za karakana. Nikamwambia njoo uniulize maswali karakanani. Akasema, "Mzee, pale hujibu wewe, unaojibu ni ukuta." Nikamuuliza, na wewe namba yangu ya simu unaijua kwa kichwa? Akacheka. "Simu natembea nayo, baba. Wewe ukuta utaubeba?" Na huyo nimemsomesha kwa milango hiyo hiyo. Ila kuna jambo sijamwambia mtu: mara mbili nimeliacha jiko la kuyeyushia gundi likiwaka nikaenda zangu nyumbani. Je, akili ninayo bado, au iliyobaki ni chaki?

Seremala

*

Mzee wangu, shikamoo. Ukuta uliouandika wewe, unaousoma wewe, na mbao zinakatika sawasawa, huo ni sehemu ya akili yako. Kuupaka rangi ni kukupiga kichwani. Mwanao alisikie hilo.

Na wewe sikia lako. Milango umenihesabia yote, jiko ukalificha mwisho wa barua. Kama ukuta ndiyo akili, basi akili hiyo jiko haikumbuki, na karakana yako imejaa maranda makavu. Huwezi kuusifia ukuta kwa milango ukausamehe kwa moto.

Leo hii, usingoje Ijumaa, mwite mwanao umweleze habari za jiko kwa mdomo wako. Ukiliwasha, chora alama mlangoni, pale mkono unaposhika komeo, na usiifute mpaka umelizima. Halafu mpe chaki yeye. Atengeneze mlango mmoja kwa kuusoma ukuta wako, ndipo aje kuzungumza habari za rangi.

Lakini siku utakayosimama mbele ya ukuta huo, ukautazama mshale na usijue unasema nini, funguo umkabidhi mwenyewe, siku hiyo hiyo, wala usiniandikie kuniuliza.