Herufi Mbili za Mama Priscah

Munyaka, Eldoret
9 Septemba 1989

Kwa Mwalimu Kimeli, rafiki yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka Munyaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto, na kwamba mahindi yenu ya Kiplombe yamestahimili ile mvua ya mawe. Sisi tu wazima, ila kifua changu kinanisumbua asubuhi na biashara inachechemea.

Acha nianze na langu, maana umenikasirikia lakini hata mimi nina kinyongo. Jumatatu nilikuona ukipeleka mitihani ya shule yenu kwa yule jamaa wa kando ya posta, ambaye taipureta yake haina hata herufi r. Miaka sita nimekuchapia. Na wasifu wa marehemu mama yako sikukutoza hata senti. Nikajiambia, kumbe wema hulipwa hivi.

Lakini kinyongo hicho hakinikai vizuri moyoni, na sababu naijua.

Unaikumbuka siku uliyokuja nikuchapie wasifu huo. Ulikaa kwenye benchi ukanisimulia habari za mama yako, Mama Priscah: jinsi alivyogombana na chifu mpaka njia ya kisimani ikafunguliwa, jinsi alivyoimba kwaya kwa sauti ya kukwaruza na akakataa katakata kuondolewa. Ulicheka, ukalia. Mimi nilikuwa natikisa kichwa tu. Mbele yangu kulikuwa na kadi za harambee ya mwenyekiti wa tawi, anazitaka jioni hiyo, na unajua mtu wa chama haambiwi ngoja.

Sasa nikueleze juu ya hii kompyuta ninayochapia siku hizi. Nilipoinunua niliiwekea njia za mkato. Naandika herufi mbili, nabonyeza kitufe, na aya nzima inajitokeza yenyewe. Barua ya kuomba kazi ina herufi zake, mwaliko wa arusi una zake. Wasifu wa marehemu ni mm. Nilipiga hesabu: herufi mbili badala ya mia nne. Wateja husifu, husema Wanyoike anajua maneno.

Basi pale kaburini mchungaji akasoma kwamba Mama Priscah alikuwa mpole asiyegombana na mtu. Watu wakaanza kutazamana. Maneno yayo hayo waliyasikia Jumamosi iliyotangulia, akizikwa Zachariah mlevi. Mchungaji alipofika "na mlango wake," mtu nyuma akamalizia, "haukufungwa kwa mgeni." Wakacheka. Kaburi liko wazi, na watu wanacheka. Niliona ulivyoinamisha kichwa.

Ulipokuja dukani na hasira, nilikuambia ni Wangari, yule msichana ninayemfundisha kazi, kwamba alibonyeza vibaya maneno yako yakapotea. Ukasema msichana kama huyo hafai. Nikamfukuza hapo hapo mbele yako, ili uridhike.

Kimeli, Wangari hakugusa kitu. Siku ile nilikuwa nimemtuma akanunue karatasi. Ni mimi niliyeandika mm, nikaweka jina la mama yako juu, nikarudi kwenye kadi zangu. Maneno yako hayakupotea kwenye mashine. Sikuyaandika kamwe. Na mashine yenyewe, unajua imekaa juu ya nini? Ile meza ya jikoni aliyonipa mama yako nilipofika kutoka Nyandarua na taipureta begani, sina pa kuiweka. Alama za kisu chake cha kukatia sukuma wiki ziko hapa mbele yangu ninapoandika.

Jana nilikwenda kwa shangazi yake Wangari kumwomba arudi kazini. Kumbe huko sokoni wamempa jina, wanamwita Mlango Haukufungwa. Wangari hakuinua sauti. Aliniambia, "Mzee, usiniombe msamaha hapa jikoni. Kaseme mbele ya wale waliocheka."

Kwa hivyo nakuomba ruhusa. Siku ya maombi ya kumaliza matanga, nipe nafasi nisimame. Nitasema ni mkono wa nani, kisha nisome haya niliyoyafunga pamoja na barua hii, niliyoyaandika kwa kalamu. Chifu na kisima wamo, kwaya imo. Kuna lile jambo la ng'ombe wa jirani, ambalo ulilieleza na mimi sikulisikia mpaka mwisho. Hapo nimeacha nafasi. Ukikubali, nijazie. Ukikataa, sitakulaumu, na meza nitaileta Kiplombe mwenyewe.

Nisalimie mama watoto na wote wa boma hilo.

Ni mimi niliyekunywa maziwa jikoni kwa mama yako,
Gerishon Wanyoike