Kazi ya Papa Sadrack

Naomie, acha kutwanga majani ya pondu kwanza, usome. Papa Sadrack, chef wetu wa informatique, mkubwa wa kompyuta zote, ameacha kazi sasa hivi mbele ya ofisi nzima.

Mtandao umekufa tangu Jumatatu. Leo Direkta akatuita wote, hata mimi wa kufagia, akamsimamisha mtu mzima kama mtoto wa shule. "Sadrack, ulikuwa wapi wakati mtandao unakufa?"

Wapi? Kijijini, Bengamisa. Direkta mwenyewe alimtuma na pikipiki akamletee madame, bibi yake, kuku wa ubatizo. Chef wa informatique, Naomie. Kuku.

Papa Sadrack akajibu polepole, "Nilikuwa nafunga kuku zako miguu, Direkta." Watu wakainama wasionekane wanacheka.

"Na nani alikuambia hiyo iko kazi yako?"

Nani alimwambia. Aliuliza hivyo bila haya, na kuku wenyewe aliwala juzi.

"Bon," Papa Sadrack akasema, "miaka minne nakuomba uniandikie kazi yangu iko nini. Andika leo."

"Kazi yako iko kila kitu."

Kila kitu. Basi mzee wa watu akatoa bunda la funguo mfukoni, akaliweka mezani taratibu, akatoka.

Sasa Direkta yuko mlangoni mwa chumba cha mashine za mtandao, anajaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine, jasho linamtiririka, anauliza kila mtu ni upi.

Mimi naujua, maana nafagia humo kila asubuhi. Nimeshika ufagio wangu, nimenyamaza.